"Mimi Sina Neno": Miaka Yangu ya Kuwakagua Wanaotaka Kuasili Mtoto

Nyumba ya mtu anayetaka kuasili mtoto ilikuwa hainipotei. Mjumbe akishanionyesha mtaa, mengine nilifuata harufu ya rangi. Wamesikia afisa wa ustawi anakuja Jumamosi, basi Alhamisi fundi ameshaitwa. Vitambaa vya makochi vimefuliwa na kupigwa pasi, picha ya harusi imefutwa vumbi, na kitabu cha dini, kiwe Biblia kiwe Msahafu, kimewekwa mezani pale ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Nyumba moja Morogoro nilikalia kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Kila nikijisogeza linalia, na kila likilia mwenye nyumba ananitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ubaoni.

Nami nilikuwa nasahihisha kweli. Miaka yangu ya mwanzo nilihesabu vyumba, nikachungulia choo, nikauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, nikaandika. Chuo cha Ustawi pale Kijitonyama tulifundishwa kwamba mtoto anahitaji mazingira bora, na kwa akili yangu ya ujana mazingira bora yalikuwa sakafu ya vigae.

Kwa asiyejua njia yenyewe: mwombaji anaanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri anakoishi. Analeta barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa kama ana ndoa, majibu ya daktari, ushahidi wa kipato na majina ya watu wa kumdhamini kwa tabia. Afisa anakwenda nyumbani, anarudi, anakwenda tena, kisha anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayopanda mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kibali kikitoka, mtoto haasiliwi papo hapo. Anakaa kwanza kwenye malezi ya kambo, yaani analelewa na waombaji bila kuwa wao kisheria, afisa akipitapita kuangalia, na mwishoni ombi linapelekwa Mahakama Kuu. Huko mahakama humteua mtu wa kusimama kwa niaba ya mtoto katika shauri, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyoifuta ile ya zamani ya kuasili, inataka mwombaji asiye ndugu wa mtoto awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Asiye raia anatakiwa awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Na mbele ya yote hayo kuna kifungu cha 4: maslahi bora ya mtoto yatangulie.

Umri unausoma kwenye cheti, na mshahara kwenye hati ya mshahara. Hayo hata karani angeyamaliza asubuhi moja.

Wapo waliojikataa wenyewe. Mume na mke fulani walikuja kuulizia mtoto wa kike wa miaka 9 au 10. Nikataka kujua kwa nini umri huo, wakati karibu kila mtu anataka mchanga. Mke akajibu kwa uchangamfu kabisa, "Wa hivyo anakuwa ameshajua kufua." Nilimaliza chai yangu, nikaaga. Mwingine alinipachikia bahasha ndani ya faili, katikati ya cheti cha ndoa na majibu ya daktari. Nilimrudishia faili lote kama lilivyo. Watu wa namna hiyo hawakuninyima usingizi. Walioninyima usingizi ni watu wazuri.

Kuna mwalimu mmoja, mcheshi, mke wa mtu, aliyenipigia simu kuniomba nifike baada ya magharibi na nisije na gari la serikali. Nikadhani anakwepa umbea wa majirani. Nilipofika nikamkuta kavaa dera pana, na tumbo mbele. Kabla sijampa hongera alifunga mlango, akaingiza mkono, akachomoa mto. Mtaa mzima ulikuwa unajua ana mimba ya miezi 5. Mpango wake ulikuwa apate mchanga baada ya miezi 4, apotelee kwao Singida kwa wiki kadhaa, arudi amebeba. Mume alijua. Mama mkwe hakujua.

Sikucheka, na asicheke mtu. Miaka 11 ya ndoa, kila harusi anayokwenda kuna shangazi anayempapasa tumbo kwa macho. Nikamuuliza, mtoto akifika miaka 12, akaletewa habari na mtoto wa jirani siku wamegombana, utamwambia nini? Akasema, "Watajuaje?" Nikamwambia faili lina nakala, na mtaa una midomo. Alilia, nami nikakaa naye mpaka saa tatu usiku. Kwenye taarifa nilipendekeza apewe muda na ushauri nasaha kwanza. Hakurudi. Mpaka leo nikipita mtaa ule najiuliza kama nilimwokoa mtoto au nilimnyima mtoto mama.

Tanga nako nilikosea, ila kosa la aina nyingine. Mume na mke, watu wa swala tano, walikuwa wamempenda kichanga aliyeokotwa, polisi wamefungua jalada na ndugu wametafutwa bila kupatikana. Nilipowaeleza kwamba amri ya mahakama humfanya mtoto awe kama aliyezaliwa kwao, jina abebe la kwao, mume alifunga faili taratibu akalisogeza upande wangu. Akaniambia kwa heshima zote kwamba Mungu ameshasema katika Surat al-Ahzab watoto waitwe kwa baba zao, na yeye hana mamlaka ya kumzulia mtu nasaba. Nikaandika: wamejitoa. Mwezi uliofuata walirudi kuomba kumlea mtoto yuleyule kwa malezi ya kambo, abaki na jina lake. Walikuwa wameshamuuliza sheikh habari ya wosia, wakajua mtu asiye mrithi anaweza kuachiwa mpaka theluthi ya mali. Na yule mama, ambaye dada yake alikuwa amejifungua karibuni, alikuwa ameshakubaliana na dada huyo amnyonyeshe kichanga, kwani katika dini yao kunyonya huleta undugu, ili kesho akiwa kijana asije akawa mtu wa kando kwa mama aliyemlea, wa kujitandia ushungi mbele yake. Watu walikuwa wamefikiria mbele miaka 15, mimi nimewaandika kuwa hawana nia.

Sasa nifike kwenye neno lililonipita masikioni miaka mingi. Mama anaeleza hamu yao, ameshika leso, baba amekaa ukingoni mwa kochi anaangalia televisheni iliyozimwa. Nikimgeukia: na wewe, mzee? "Aa, mimi sina neno."

Kwa Kiswahili chetu hiyo ni ridhaa. Ndivyo nilivyokuwa naiandika: mume ameridhia.

Kulikuwa na familia Tabata. Mume mhasibu, mke nesi, nyumba yao wenyewe, na nafsi zao njema kuliko nyumba. Walimchukua binti wa miaka 4 kutoka makao ya watoto, mtoto aliyekuwa akificha ugali chini ya godoro. Miezi michache baadaye nilipowatembelea alikuwa ameacha kuficha, na alimkatiza baba yake mazungumzo mara nne bila woga. Nilifurahi sana siku ile. Kwa upande huu mume hakuwa mtu wa "sina neno". Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka nywele Jumapili, vibaya lakini akimsuka. Ilibaki sehemu ya fomu inayouliza habari za ndugu. Wa mke niliwaona, walikuwa Kinondoni. Wa mume walikuwa Kilimanjaro, na ofisi haikuwa na mafuta wala posho. Nikampigia simu kaka yake mkubwa. Alinijibu vizuri, tena kwa upole: "Sisi huku hatuna neno, dada yangu." Nikaandika: ndugu wa pande zote mbili wameridhia.

Ombi lilikuwa limeshaandaliwa na wakili, tunasubiri tarehe, mume akafa usiku kwa presha. Wakamsafirisha kwao kuzika. Nilituma rambirambi, sikwenda.

Wiki tatu baadaye mjane aliingia ofisini kwangu na nguo zake nyeusi. Hakukaa. Alinitandikia mezani kile kijitabu cha ratiba ya mazishi, chenye picha ya marehemu juu, akakifungua kwenye wasifu. "Soma hapa, mama."

Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akafunga ndoa. Marehemu ameacha mjane. Nukta.

Wasifu ule ulisomwa kanisani, watu wamejaa mpaka nje, mtoto amempakata. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa sauti ambayo viti vya nyuma viliisikia: "Mama, mimi baba hakuniacha?"

Sina la kuongeza juu ya swali hilo. Nililala nalo na kuamka nalo miezi mingi.

Baada ya matanga kilikaa kikao cha ukoo. Kaka mkubwa, yuleyule wa kwenye simu, aliuliza tangu lini mtoto wa kuokota akakatiwa kihamba, shamba la ukoo. Nilimchukia kwa muda. Baadaye nikaacha, kwa sababu hakuwa amenidanganya. Aliulizwa kwa simu ya dakika 3, na mwanamke asiyemjua, kuhusu jambo la mdogo wake huko Dar, angejibu nini? Hajawahi kumwona mtoto. Hakuna aliyekwenda kukaa naye akambishia, akakasirika, akafikiri, akalala, akaamka na neno lake. Hilo ndilo lililokuwa kazi yangu, na badala yake niliandika sentensi moja. Ombi likaandikwa upya kwa jina la mjane peke yake, na amri ikatoka baada ya zaidi ya mwaka. Mtoto hakuondolewa kwake, namshukuru Mungu. Lakini ukurasa ule wenye mwandiko wangu umo ndani ya faili mpaka leo.

Tangu hapo nikawa msumbufu. Waombaji walilalamika mpaka kwa wakubwa wangu: mtoto ni wetu, kijiji kinahusu nini? Nauli mara nyingine nilitoa mfukoni. Na nieleweke, sikuwa nikiupa ukoo kura ya turufu. Dada mmoja wa Ukerewe, hana mume, aliniambia kabla sijauliza, "Kaka zangu hawataki kusikia habari hii. Kiwanja nimeandikisha kwa jina langu, wosia nimeuweka RITA, kwenye wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mdogo wangu wa kike ndiye atakayemchukua mtoto nikifa." Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na bati linavuja. Huyo nilimpendekeza kwa moyo mweupe kuliko wengi wenye vigae. Nilichokuwa nakitafuta ni mtu anayejua watu wake wamesimama wapi, na yeye mwenyewe ameamua kusimama wapi.

Nilijifunza pia kuangalia soda. Mgeni akifika, mtu anatumwa dukani kuleta soda. Nani anatumwa? Kwenye nyumba yenye watoto watatu, kama kila nikija anayetumwa ni yule aliyeletwa, wale wengine wako kwenye katuni, kalamu yangu inaanza kusogea. Naangalia pia mswaki wake uko pamoja na ya wenzake au uko kwenye begi, anajipakulia au anasubiri kupakuliwa, na daftari lake la shule lina sahihi ya nani. Lakini soda hiyohiyo ilinidanganya mara moja. Kijana wa miaka 7, nyumba ya mwalimu, alitumwa ziara zote tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Kisha nikaona nimfuate nje, nikamwuliza kama hachoki. Akasema ni yeye anayeomba kwenda. "Kule dukani wananiita mtoto wa Mwalimu."

Nikafuta.

Ya mwisho ninayoikumbuka vizuri ni ya Desemba. Wenyeji wa Kilimanjaro wanajua Desemba ni nini: mabasi yamejaa (wakati ule yalikuwa bado yanaondokea Ubungo), nauli imepanda, hata aliyegombana na ndugu zake Pasaka anapanda kwenda nyumbani. Nilikuwa na faili la mtoto wa kiume wa miaka 5, na wazazi wake walezi walikuwa wameshatangulia naye Marangu. Kabla hawajaondoka nilimwuliza mume mama yake anasemaje. Akajibu, "Mama hana neno." Nikacheka, akashangaa kwa nini nacheka. Nami nikakata tiketi.

Nilifika asubuhi, migomba inadondosha maji ya mvua ya usiku. Wajukuu walikuwa kama kumi na mbili hivi, wakikimbizana nyuma ya banda la ng'ombe, na wetu yumo. Bibi, mwanamke wa miaka themanini na kitu, alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akarudi kwenye ndizi zake. Nilimwuliza kuhusu mtoto. "Nani? Huyu?" Akaendelea kumenya. Nilijaribu tena baada ya nusu saa, akaniuliza kama Dar kuna mvua. Mkwewe alikuwa akiingia na kutoka jikoni, uso umekaza. Nilikaa saa mbili. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya taarifa: bibi mzaa baba hajaonyesha kumpokea.

Kisha kuku akakatiza uani, watoto nyuma yake, na wetu akiwa wa mbele akalivaa sufuria. Ndizi zote zilizomenywa zikamwagika kwenye tope.

Bibi alinyanyuka na kisu mkononi, akaita jina. Halikuwa jina tulilolizoea, lile lililomo kwenye faili. Lilikuwa jina la marehemu mumewe. Baada ya jina yakafuata maneno mengi ya Kichaga, sikuyaelewa yote, ila mwendo wake ulikuwa ndio uleule aliowafokea wajukuu wengine asubuhi kwa kufungulia mbuzi. Watoto wakaangua kicheko, mwenye kosa akakimbilia nyuma ya jiko. Mkwewe alisimama mlangoni na mwiko, hatikisiki. Kule mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba, na hao wawili hawakuwa wamethubutu kuliomba. Hakuna aliyemwambia mtu kwamba limeshatolewa, wala lini. Bibi akakaa, akachukua ndizi nyingine, akaanza kumenya.

Wakati ule taarifa zetu za Mahakama Kuu tuliziandika kwa Kiingereza, na nilihangaika usiku mzima kutafuta neno la kugombeza lisilokaribiana na la kutesa. Sikulipata. Siku ya shauri tulikuwa chumbani kwa Jaji, faraghani, yeye, wakili, wazazi na mimi. Alisoma ukurasa wa tatu, akarudia, akavua miwani. Akasema mahali hapa ninaeleza kwamba bibi mzaa baba alimfokea mtoto kwa ukali mbele ya watu akiwa ameshika kisu, na aya inayofuata inapendekeza mtoto apewe familia hiyohiyo. Nieleze.

Nikaomba ruhusa niseme kwa Kiswahili. Nikamweleza habari ya kuku, ya sufuria, na ya jina. Mke alikuwa ameinamisha kichwa. Jaji alinyamaza kidogo, akavaa miwani yake.

"Na ndizi?"

"Zilioshwa, Mheshimiwa. Tulizila."

Akaandika.